Maksai au trekta ndogo?

Swali: Daktari, mwanangu anataka tuuze maksai, tununue trekta ya magurudumu mawili kabla ya masika. Tuna ekari nne za mahindi na mtama hapa Lambwe.

Jibu: Mama, usiwauze bado. Udongo wenu mweusi ni mkaidi: ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, ukilowa hunata, na mashine nyepesi huteleza tu. Kodisha trekta kubwa ivunje ardhi kabla ya mvua za Machi, maksai watapalilia. Ila kijana namwelewa. Mbung'o wa upande wa mbuga ya Ruma huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, na maksai mgonjwa havuti plau. Waite watu wa mifugo wawapime Februari, si siku ya kulima.