KUZIBA CHOMBO KIVUJACHO

Vyombo vya mbao vya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, vingi ni vya zamani, na chombo cha zamani hakikosi kuvuja. Manahodha wengine huridhika kumweka baharia mmoja ngamani afue maji mchana na usiku. Desturi hiyo ni ya hatari, kwa maana siku ya tufani kila mkono hutakiwa kwenye tanga, na maji hayamngoji mtu. Basi twataka kueleza jinsi mafundi wanavyoziba chombo, ili mwenye chombo aijue kazi njema, na msafiri ajue la kuuliza.

SABABU ZA KUVUJA. Mbao za chombo hupigiliwa misumari katika mataruma, na kati ya ubao na ubao hubaki mwanya mwembamba. Mwanya huo hujazwa pamba yenye mafuta. Kazi hii ndiyo kukalafati. Jua hukausha mbao zikasinyaa, mawimbi huzitikisa, pamba huoza, na msumari ulioliwa na kutu huacha tundu. Chombo kilichokaa pwani muda mrefu huvuja kishushwapo, kisha mbao hunywa maji zikavimba, na kuvuja kukapungua. Kusipopungua baada ya siku chache, aitwe fundi.

KUTAFUTA MAHALI. Maji yaonekanapo ngamani, pengine hayakuingilia hapo, kwani huteremka nyuma ya mataruma. Kwa hiyo chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, kikaegemezwa kwa magadi. Bahari ikupwapo, maji yaliyobaki ngamani yasifuliwe upesi. Fundi huzunguka nje, akatia alama kila mahali yanapochuruzika. Ndipo chombo hukaushwa.

KUZIBA. Kwanza, pamba kuukuu hutolewa yote, maana pamba mpya iliyowekwa juu ya iliyooza haishiki. Msumari mbovu hung'olewa, na ubao uliooza hubadilishwa.

Pili, pamba mpya husokotwa kama kamba nyembamba, ikatiwa mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya ini la papa.

Tatu, hupigwa mwanyani kwa chembeu na nyundo, kidogo kidogo, kwa nguvu zilizo sawa. Isishindiliwe kupita kiasi, kwa sababu mbao zikivimba baharini zitakosa nafasi, nazo zitasukumana hata zilegee misumarini.

Nne, moto wa makuti makavu hupitishwa chini ya chombo ili kuua wadudu watoboao mbao. Mtu asiuache moto peke yake, wala usikae mahali pamoja. Kisha chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na mbavuni, juu ya maji, hupakwa sifa.

Kazi hii hurudiwa mara kwa mara. Mwenye chombo aonaye gharama ya pamba na fundi kuwa kubwa, na akumbuke kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Twawaomba walimu wa pwani wawapeleke watoto wakamtazame fundi kazini. Na kila abiria, kabla ya kupakia mzigo wake, achungulie ngamani. Akiona maji mengi, na ndoo hazitulii hali chombo kingali kimetia nanga, afadhali angoje chombo kingine. Nauli hupatikana tena; roho haipatikani.