Viwango vya Sumu kwa Viumbe wa Majini: Mfano wa Shaba

Watu wengi hudhani kwamba maji yanayomfaa binadamu kwa kunywa hayawezi kumdhuru samaki. Dhana hiyo si sahihi, na shaba ni mfano unaolithibitisha jambo hilo. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba shaba katika maji ya kunywa isizidi miligramu 2 kwa kila lita. Lakini kiwango kilichowekwa Marekani ili kuwalinda viumbe wa mito na maziwa, katika maji yenye ugumu wa miligramu 100 kwa lita, kilikuwa mikrogramu 13 tu. Mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kwa hiyo maji anayoruhusiwa kunywa mtu yaweza kuwa na shaba mara 150 hivi kuliko inayovumilika kwa viumbe hao.

Sababu yake ni hii. Mtu hunywa lita chache tu kwa siku, na ini lake huondoa shaba iliyozidi. Samaki huishi ndani ya maji, na usiku na mchana hupitisha maji hayo katika matamvua anayopumulia. Shaba hunasa kwenye matamvua na kuyaharibia uwezo wa kuhifadhi chumvi za mwili. Chumvi zikivuja mno, samaki hufa.

Jambo hili linawahusu hasa wakazi wa sehemu zinazolima kahawa. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba zimetumika kwa miaka mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, na mvua huweza kuzikokota hadi mitoni. Mrututu umetumika pia kuua konokono wanaoeneza kichocho. Dawa iuayo konokono haichagui; viumbe wengine walio karibu nao hudhurika pia.

Je, kiwango salama hupatikanaje? Kwanza hufanywa jaribio la muda mfupi. Samaki wachanga huwekwa katika vyombo kadhaa, kila chombo kikiwa na shaba nyingi kuliko kilichotangulia, na kimoja kikiwa hakikutiwa shaba kabisa ili kiwe cha kulinganishia. Baada ya saa 96 hukadiriwa kiasi kinachoua nusu ya samaki.

Pili, jaribio hilo hurudiwa kwa viumbe wa aina nyingi. Utaratibu uliotolewa Marekani mwaka 1985 ulitaka viumbe wa familia zisizopungua 8, wakiwemo samaki, wadudu wa majini na viumbe wa jamii ya kamba. Matokeo hupangwa kutoka kwa kiumbe dhaifu hadi aliye mvumilivu, kisha hukokotolewa kiasi kitakachozilinda jenasi 95 katika kila 100. Kwa kuwa kiasi hicho bado huweza kuua nusu ya wanyama wa aina dhaifu, hugawanywa kwa 2.

Tatu, hutazamwa madhara ya muda mrefu. Samaki aweza kuwa hai lakini asikue wala asizae. Shaba kidogo huweza pia kudhoofisha uwezo wake wa kunusa, akashindwa kutambua adui. Ndiyo maana kiwango cha muda mrefu huwa cha chini zaidi: katika maji yaliyotajwa hapo juu, kilikuwa mikrogramu 9.

Hatimaye hapana budi kuyachunguza maji yenyewe. Maji magumu, ambayo sabuni haitoi povu upesi ndani yake, yana kalisi na magnesi nyingi. Madini hayo hushindana na shaba kwenye matamvua na hivyo kupunguza ukali wake. Kwa hesabu ya Marekani, kiwango cha muda mfupi kilikuwa mikrogramu 7 pale ugumu ulipokuwa miligramu 50, na mikrogramu 26 hivi pale ulipofika 200. Mwaka 2007 utaratibu ulirekebishwa ili uzingatie pia uchachu wa maji, na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka ambayo huifunga shaba.

Ni dhahiri basi kwamba kiwango si tarakimu ya kunakiliwa kutoka kitabu cha nchi nyingine. Maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi chache kuliko ya Ziwa Tanganyika. Tarakimu moja haiwezi kuyatosha yote mawili. Vilevile, kumpima perege peke yake hakutoshi, kwani yeye ni mvumilivu. Wadudu na viumbe wadogo wa jamii ya kamba, ambao ni chakula cha samaki wengi, huweza kuangamia perege angali akiogelea. Afisa apimaye shaba mtoni hana budi kupima ugumu wa maji siku hiyohiyo, na maabara zetu hazina budi kuwajaribu viumbe wa maji yetu wenyewe. Bila hayo, mto waweza kuhesabiwa kuwa salama huku uhai ukiendelea kupungua ndani yake.