Beji ya Sikukuu kama Matini ya Propaganda: Mfano wa Ujerumani ya Wanazi

Makala haya yanachunguza jinsi beji ndogo ya kifuani inavyoweza kutumiwa na utawala wa kidikteta kama matini ya propaganda. Matini inayochanganuliwa ni beji ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwaka 1934 nchini Ujerumani. Uchanganuzi unaongozwa na semiotiki, hususan hoja ya Roland Barthes katika Mythologies (1957) kwamba kisasili huitwaa ishara yenye maana, kikaipora historia yake na kuijaza maana mpya.

Beji hii haisomeki nje ya muktadha wake. Mnamo Aprili 1933, serikali ya Hitler iliitangaza Mei Mosi kuwa sikukuu ya mapumziko yenye malipo, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wamelipigania kwa muda mrefu. Sherehe zilifana. Kesho yake, Mei 2, ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa na viongozi wao wakakamatwa. Sikukuu ikabaki, wenyewe wakaondolewa.

Beji ya 1934 ina kichwa cha mwandishi Goethe, tai mwenye swastika, pamoja na nyundo na mundu. Zana hizo mbili zilifahamika kama nembo ya wakomunisti, ambao tayari walikuwa wamepigwa marufuku na wengi wao kufungwa. Nembo ya mpinzani imefanywa pambo la mtawala. Goethe naye, aliyefariki mwaka 1832, hakuweza kukubali wala kukataa.

Hata hivyo, nguvu ya beji haimo katika michoro pekee. Katika michango ya majira ya baridi (Winterhilfswerk), iliyoanzishwa mwaka 1933, aliyetoa pesa alipewa beji, nayo ikamkinga dhidi ya wachangishaji waliojaa barabarani. Asiyekuwa nayo alijulikana mara moja. Hapa ndipo beji inapoachana na kanga. Mvaaji wa kanga hujichagulia jina analotaka kumpasha mwenzake. Asiyeivaa hajasema neno. Chini ya udikteta, hata kifua kitupu hugeuzwa kuwa kauli.

Kwa kuhitimisha, mhakiki wa matini za aina hii asiishie kuuliza beji inasema nini. Aulize pia ishara zake zilinyang'anywa nani, na lipi lingempata aliyekataa kuivaa.