Viunganishi na Hoja katika Insha ya Kitaaluma

Tumekwisha kueleza kuwa insha ya kitaaluma hujengwa juu ya hoja kuu moja. Sasa tuone jinsi kiunganishi kinavyoibeba hoja hiyo. Tuchunguze sentensi hizi:

(a) Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017.
(b) Shule zinahitaji walimu wa Kiswahili.

Tukiziunganisha kwa "na", tumeorodhesha tu. Tukitumia "kwa hiyo", (a) huwa sababu na (b) tokeo. Yatupasa kuthibitisha kuwa mahitaji hayo yametokana na sheria. Tukitumia "hata hivyo", tunadai kuwa utekelezaji umechelewa; yatupasa kuthibitisha kuwa upungufu umedumu licha ya sheria. Sentensi hazikubadilika, ila hoja imebadilika, na ushahidi unaodaiwa pia.

Mwalimu anayesahihisha upatanisho wa kisarufi pekee humwachia mwanafunzi insha safi isiyothibitisha lolote.

Zoezi
Chagua aya moja ya insha yako. Pigia mstari kila kiunganishi, kisha eleza uhusiano kinaouonyesha. Kiunganishi usichoweza kukitetea, kibadilishe.