Taa na Vyuma vya Nyumba ya Pwani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Nyumba nyingi zinazojengwa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na ng'ambo hadi Unguja, hukosewa mwishoni. Msingi ulichimbwa kwa uangalifu, zege likamwagiliwa maji, bati likachaguliwa kwa geji. Ikifika zamu ya taa, vitasa, bawaba, mabomba na fimbo za pazia, fedha imekwisha na subira nayo imekwisha, basi mwenye nyumba anaingia dukani Kariakoo alasiri moja na kutoka na chochote kinachong'aa. Kusi ikivuma misimu miwili, vitasa vimeota vipele na taa ya kibarazani inadondosha maganda. Fedha hiyo ni ya jasho. Ndiyo maana haya yafuatayo nayaandika kama masharti.

USINUNUE RANGI, NUNUA METALI

"Dhahabu" ya dukani ni rangi tu. Chini yake panaweza kuwa na brasi, au chuma cha kawaida, au alumini, au aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Brasi ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Haioti kutu nyekundu; hufifia, ikawa kahawia, na ukiisugua inarudi. Kitu kilichochovywa utando wa metali tu hakirudi. Kromu unayoiona kwenye bomba ni utando mwembamba mno uliolala juu ya nikeli, na nikeli nayo imelala juu ya metali nyingine. Utando ukiwa na tundu dogo hata lisiloonekana kwa macho, chumvi hupenya, metali ya chini huanza kulika, na kutu yake huusukuma utando kutoka ndani. Hivyo ndivyo vipele vinavyozaliwa. Hakuna dawa ya kung'arishia itakayoviponya.

Nenda dukani na sumaku mfukoni. Ikinasa kwenye kitasa unachoambiwa ni brasi, hicho ni chuma kilichochovywa, kirudishe mezani. Isiponasa, usitoe fedha bado, maana zinki na alumini pia hazishikwi na sumaku. Kipime uzito mkononi. Kisha omba bisibisi, ufungue, utazame upande wa ndani na kwenye matundu ya skrubu, mahali ambapo kiwanda hakikujishughulisha kupaka. Brasi ni ya manjano hadi ndani. Zinki ni kijivu. Muuza duka akikataa kufungua, ondoka.

Anayetaka ushahidi aende Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango mingi ya karne ya 19 ingali na njumu zake za brasi, nje, barabarani, kwenye upepo uleule unaomaliza vitasa vyetu. Waliozipigilia walilipia metali yenyewe, na metali imewalipa wajukuu.

ULIZA NAMBA YA STENLESI

Stenlesi si kitu kimoja. Ile ya kawaida, 304, ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ile ya 316 huongezewa molibdenamu, kama asilimia 2, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoipa nguvu ya kuhimili chumvi ya bahari. Nyumba iliyo mbali na maji inatosheka na 304. Kwako ukisikia mawimbi usiku, dai 316 kwa bawaba za nje, vyuma vya ngazi na taa za ukuta wa bustani. Ni ghali zaidi, na bado utatakiwa kuifuta kwa maji yasiyo na chumvi, lakini hutainunua mara mbili.

USIDHANI KIBARAZA KINAILINDA TAA

Hapa wengi hupotea, na ni vigumu kuwalaumu. Taa iliyo chini ya paa la kibaraza huonekana salama kuliko ile inayonyeshewa. Kweli ni kinyume. Upepo huleta chembe za chumvi kote, ndani na nje. Chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuifanya metali iwe na majimaji hata siku isiyo na tone la mvua. Taa iliyo nje huoshwa na masika. Ya kibarazani haioshwi na yeyote, chumvi inalala juu yake mwaka mzima, na ndiyo inayooza kwanza. Kwa hiyo ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha uikaushe, mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa kusi. Wafundishe wanaoishi ndani ya nyumba kwamba hiyo ni sehemu ya usafi, sawa na kufagia.

USIISUGUE BRASI YENYE VANISHI

Brasi nyingi za viwandani hupakwa vanishi ngumu ili zisififie. Ukiijia na ndimu, majivu au dawa ya kung'arishia, unaikwaruza vanishi, hewa inaingia kwenye mikwaruzo, na brasi inageuka mabakamabaka. Yenye vanishi hufutwa kwa maji ya sabuni, basi. Isiyo na vanishi isugue upendavyo, ila ndimu usiiache juu: suuza, kausha. Uliza dukani ni ipi kabla hujalipa.

SKRUBU ZIWE ZA METALI ILEILE

Kitasa cha brasi hufungwa kwa skrubu za brasi. Skrubu ya chuma ikigusana na brasi kwenye unyevu wa chumvi, hulika upesi kuliko ingekuwa peke yake. Taa ya alumini ikifungwa kwa brasi, ni alumini inayolika. Fundi atatumia zilizo mkobani mwake. Mpe zako.

RANGI MBILI ZA METALI KATIKA CHUMBA, ZISIZIDI

Chagua moja itawale, ya pili isaidie. Nyeusi isiyong'aa hukaa vizuri karibu na nyingine yoyote. Kinachoumiza macho si tofauti, ni kukaribiana: dhahabu ya kiwanda hiki karibu na dhahabu ya kiwanda kile, moja ya kijani kidogo, nyingine ya waridi. Hizo mbili hazitapatana kamwe. Vitasa, bawaba na komeo za chumba kimoja vitoke kwenye toleo moja, siku moja, na ununue vya akiba viwili, kwa kuwa mwakani toleo hilo halitakuwepo.

SOMA BOKSI KABLA YA KUITAZAMA TAA

Wati ni umeme unaolipia. Mwanga unaoupata hupimwa kwa lumeni. Glopu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800, na leo LED ya wati 8 hadi 10 inatoa kiasi hichohicho. Anayekuuzia kwa wati tupu hajakuambia kitu. Tazama pia kiwango cha volti. Umeme wetu ni volti 230 kwa karatasi, lakini jioni hushuka na kupanda. Taa iliyoandikwa 85 hadi 265 itavumilia, iliyoandikwa 220 hadi 240 ina nafasi ndogo ya kuvumilia.

USIWEKE 6500 SEBULENI

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu limeenea nyumba hadi nyumba. Kwenye boksi kuna namba ya kelvini inayoeleza rangi ya mwanga. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano uliotulia. 4000 uko katikati. 6500 ni mweupe wa bluu, mfano wa anga la mchana wenye mawingu, na huo ndio unaojaza maduka yetu kwa sababu mteja huuona "mkali" akadhani ni mwingi. Mwanga mweupe si lazima uwe na lumeni zaidi. Una baridi zaidi. Usiku chini yake watu hawapumziki, brasi uliyoilipia huonekana ya kijani, mninga hupoteza wekundu wake. Na mvua za vuli zikinyesha, kumbikumbi huufuata mwanga wa bluu kuliko wa manjano, hivyo dirisha lako ndilo watakalolichagua.

Weka 3000 au chini yake sebuleni, chumbani na kibarazani. Jikoni na mezani pa mtoto anaposomea, 4000. Vyumba viwili vinavyoonana viwe na namba moja.

Kisha tafuta herufi CRI. Hiki ni kipimo cha jinsi mwanga unavyozionyesha rangi kwa usahihi, na cha juu kabisa ni 100. Usikubali chini ya 80; kwenye kioo na meza ya chakula tafuta 90. LED za bei ya chini hukosa wekundu wa kutosha, na ngozi nyeusi isipopata wekundu huonekana ya kijivu, kama ya mgonjwa. Usikubali kuwakaribisha wageni wako, na kuwatazama watoto wako kila jioni, kwenye mwanga unaowafanya waonekane hawana afya.

USIITEGEMEE TAA MOJA YA KATIKATI

Jikoni, taa ya katikati iko mgongoni mwa mpishi. Kivuli chake kinaangukia kisu. Weka taa chini ya makabati ya juu. Bafuni, taa iliyo juu ya kioo hutia giza machoni na kidevuni. Weka mbili, kushoto na kulia, usawa wa uso, na ziwe na alama ya IP44 au zaidi, maana yake maji ya kurukia hayaziingii. Sebuleni, gawa mwanga sehemu tatu: dari, ukuta, na pembeni mwa kiti. Kila sehemu iwe na swichi yake. Zile taa za utepe za bluu na zambarau zinazozungushwa kwenye dari, ziache.

USIKOSEE VIPIMO

Taa ya juu ya meza ya chakula ining'inie sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani. Shandelia ipimwe hivi: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha kwa 8, jibu ni kipenyo chake kwa sentimita. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka ya sentimita 72 hivi. Mahali pa kupita watu, chini ya taa pabaki mita 2.1. Dari yako ikiwa ya mita 2.7, shandelia ndefu si yako.

Na shandelia isifungwe kwenye bodi ya jipsamu. Ifungwe kwenye zege au mbao ya dari, kwa ndoano iliyowekwa kabla bodi haijapandishwa. Taa za kuzama zisikae juu ya mapanga ya feni, kwa kuwa yakizunguka huukatakata mwanga na chumba kizima hupepesa.

CHAGUA TAA INAYOBADILISHWA GLOPU

Taa nyingi mpya zina LED iliyogandishwa ndani. Ikifa, unatupa taa nzima, brasi na vioo vyake. Chukua yenye holda ya kuzungusha ya E27 au ya pini mbili ya B22, ambazo glopu zake zinapatikana hadi kwenye duka la mtaani.

USIRUHUSU WAYA WA KIJANI NA NJANO UKATWE

Huu ndio waya wa ethi, na taa yoyote yenye mwili wa metali lazima ifungwe nao, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Mafundi wengi huukata au kuukunja juu ya dari kwa sababu taa inawaka bila huo. Inawaka, ndiyo. Lakini siku waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, mwili wote wa taa unakuwa na umeme, na wa kwanza kuushika ni anayeifuta vumbi. Hakikisha pia swichi inakata waya wa moto, wala si nyutro; LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa mara nyingi inakuambia imefungwa kinyume. Panda ngazi mwenyewe, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, uone kila waya wa ethi ulipofungwa. Ambaye hakuufunga, usimlipe hadi aufunge.