Kuhama na mtoto baada ya talaka

Swali: Mama aliyepewa malezi ya mtoto wa miaka 5 huko Kahama amepata kazi mgodini Geita. Je, anaweza kuhama naye hata kama baba akikataa?

Jibu: Kwanza husomwa amri ya malezi. Sheria ya Ndoa ya 1971 huiruhusu mahakama kupanga mtoto aishi wapi, mzazi asiyeishi naye amtembelee lini, hata kukataza asitolewe nje ya Tanzania. Kama amri imetaja makazi, mama huomba ibadilishwe kabla ya kuhama. Kama haikutaja, baba anayepinga ndiye huenda mahakamani.

Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini madhara ya kumhamishahamisha nayo hupimwa. Desturi huzingatiwa, ila ng'ombe wa mahari waliotolewa Kisukuma hawamalizi shauri. Afisa ustawi wa jamii anaweza kutakiwa kuchunguza: shule iko wapi, na nani hubaki na mtoto mama akiwa zamu ya usiku. Baba hubaki na wajibu wa matunzo, na ratiba mpya, kwa mfano ya likizo za shule, hulinda haki yake ya kumwona mtoto.