Nyumba ya dharura: udongo, hewa na jirani

Wafanyakazi, na ninyi akina mama wa nyumba, fundisho letu la leo ni la siku tunayoomba isifike: nyumba imeanguka, na jamaa inapaswa kulala mahali pengine usiku uleule.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilibomoa mji mkubwa wa Kobe, nchini Japani. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Mchoraji wa majumba, Shigeru Ban, aliwajengea baadhi ya waliokosa makao nyumba ndogo zenye kuta za karatasi. Msicheke! Ni mabomba ya karatasi ngumu, kama lile linalozungushiwa kitambaa dukani, yamesimamishwa moja kando ya lingine. Msingi ulikuwa kasie za bia zenye mifuko ya mchanga ndani; paa, turubai la hema. Watu wa kujitolea walisaidia kuzijenga.

Angalieni zile kasie. Kwangu mimi ndizo dawa. Zinainua sakafu, maji ya mvua yanapita chini, na uchafu wa choo kilichofurika haufiki penye chungu na kitanda cha mtoto. Ukikosa kasie, panga matofali na mbao.

Paa nalo: wakati wa joto ncha zake mbili zilifunguliwa ili hewa ipite. Kwa hiyo usiifunge hema yako kabisa, wala usiingize mbabula ndani, hata kama ni baridi ya mwezi wa sita. Hewa ya sumu ya makala haina harufu wala rangi. Wewe wa mgodini unajua hewa mbaya haipigi hodi. Kichwa kikiuma, moyo ukichafuka, toeni watu wote nje, kisha mwende dispansere.

Ndugu zetu wa Goma, waliounguliwa mji na volkano tarehe 17 Januari 2002, wanaijua mazuku: hewa nzito inayokaa mabondeni na kuua. Huko hema haipigwi shimoni.

Jambo moja Kobe lilikwenda vibaya. Nyumba nyingi za muda za serikali ziligawanywa kwa kura, majirani wakatawanyika. Wazee wengine walikufa peke yao, wakakutwa baada ya siku nyingi. Basi mkuu wa kambi akiandika majina, mwambieni aandike barabara kwa barabara, na mzee asiye na mtu apewe mlango unaotazamana na wa jirani yake wa zamani.